Zile Kumi na Sita

Jumatatu, 3 Machi

Mitungi kumi na miwili ya oksijeni imeingia saa moja asubuhi. Karatasi ya kiwanda cha gesi inasema kila mmoja umejazwa presha ya baa 150. Geji yangu inasema 134, 135, 133, 134... Basi, 134. Kumi na sita hazipo. Hii ni wiki ya tatu mfululizo, tangu nipewe geji mpya; ya zamani ilikufa miaka sita nyuma, tukawa tunapokea kwa karatasi tu.

Nimemwuliza dereva. Tunamwita Taratibu, kwa jinsi anavyoendesha lori kana kwamba amebeba mayai. Kasema hajui. Anapakia jioni, lori linalala uani kwake, asubuhi analeta. "Dada, mimi nabeba tu." Ndiyo, anabeba. Na nyuma ya ukuta wa uani kwake kuna karakana ya kuchomelea vyuma, na wachomeleaji wanatumia oksijeni hii hii tunayowavutisha wagonjwa. Sihitaji kuchorewa ramani.

Nimeandika ripoti kwa meneja. Kurasa mbili, bila kufuta hata neno. Mwandiko wangu ni mzuri, ndiyo maana kila kikao cha nidhamu hapa hospitali kalamu napewa mimi.

Jambo la pili. Barua kutoka juu: watunza stoo wote wa gesi tufanye mtihani wa kemia ya sekondari. Atakayefeli anahamia stoo ya mashuka. Miaka kumi na miwili nalala na kuamka na gesi, leo naambiwa siijui! Darasa ni Jumatano na Jumamosi, baada ya kazi. Mtihani tarehe 24.

Nimenunua daftari mbili. Moja ya kemia, moja hii.

Jumatano, 5 Machi

Darasa la kwanza. Tuko tisa, wote watu wazima, magoti yanagonga madawati. Mwalimu ni mstaafu, mkavu, mfuko wa shati umejaa chaki. Ndani ya nusu saa ameshapata jina: Mwalimu Kelvini.

Kaandika ubaoni PV = nRT. Presha mara ujazo ni sawa na idadi ya moli mara R mara joto. R haibadiliki, kasema, ipo tu kama mjumbe wa nyumba kumi. n ni wingi wa gesi yenyewe, yaani chembe zilizomo ndani. Mtungi ukifungwa, n haiendi popote.

Kisha kauliza: gesi iko ndani ya chombo kilichofungwa, joto limepanda kutoka nyuzi 27 hadi 54, presha inakuwaje? Nikanyoosha mkono haraka. Inakuwa mara mbili!

"Mama Stoo, umeshaua wodi nzima."

Darasa likacheka. Kumbe lazima uongeze 273 kwanza, ugeuze nyuzi ziwe kelvini. Ishirini na saba inakuwa 300, hamsini na nne inakuwa 327. Presha inapanda kidogo tu, tisa kwa mia. Kelvini! Kelvini! Kelvini! — anagonga ubao mpaka chaki inakatika.

Sikupenda kuchekwa. Nimeandika 273 kwa wino mwekundu kwenye jalada.

Alhamisi, 6 Machi

Taratibu amesimamishwa. Nimemwona anakabidhi funguo za lori kwa mlinzi. Hakugeuka. Kikao chake ni Ijumaa ijayo, tarehe 14. Akipatikana na hatia anafukuzwa bila barua ya sifa, na dereva asiye na barua ya sifa hapa mjini ataishia kusukuma mkokoteni. Ana watoto wanne. Nimeandika hilo kwa sababu ni kweli, si kwa sababu linanihusu.

Mlinzi: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mhudumu wa maabara akanipongeza mbele za watu. Kasema huyu mama hana upendeleo, hata ndugu yake hakumwacha.

Hilo nalo ni kweli. Miaka sita iliyopita dereva wa lori lile alikuwa kaka yangu, tumbo moja. Karatasi ilisema 150, geji ilisema 135. Nikaandika ripoti. Akafukuzwa. Nikapewa ufunguo mkuu wa stoo mwezi uliofuata. Sheria ni msumeno.

Tangu siku ile hatujaongea. Msibani kwa mama alikaa upande wa jamvi, mimi upande wa jiko. Mimi ndiye mdogo, mimi ndiye nilipaswa kumwamkia. Sikumwamkia. Nilisema mwizi haamkiwi. Wifi yangu, mkewe, huwa ananitumia salamu za sikukuu, fupi, za kutimiza wajibu.

Ijumaa, 7 Machi

Dereva wa muda ni yule wa gari la wagonjwa. Mtu ambaye akiokota kifungo anatangaza. Nimefarijika.

Jumamosi, 8 Machi

Kazi ya leo: mpira umepigwa pampu mchana, ukaachwa nje usiku wa baridi, asubuhi umenywea. Je, umetoboka? Hapana, kasema Mwalimu Kelvini. Umepoa tu. Hewa ni ile ile, n ile ile. P imeshuka kwa sababu T imeshuka.

Akatuonya pia kuhusu geji. Geji haihesabu hewa ya nje inayotubana sisi sote, kwa hiyo ongeza moja kabla ya kupiga hesabu. Watu wakaguna. Mimi nikaandika.

Wengine walipoanza swali la pili mimi nilibaki pale pale kwenye mpira. Sijui kwa nini. Nikafuta mpira, nikaandika mtungi. Jioni 150, ongeza moja, 151. Asubuhi 134, ongeza moja, 135. Joto la asubuhi pale ninapopimia, kipimajoto cha ukutani kinasema 22. Nikaongeza 273. Ni 295.

Nikauliza kinyumenyume: kama hakuna mtu aliyegusa kitu, mtungi ulikuwa na joto gani jioni?

295 × 151 ÷ 135 = 330.

Toa 273. Nyuzi 57.

Nyuzi 57 ni moto wa kumfanya mtu arudishe mkono. Je, mitungi inatoka kiwandani ikiwa hivyo? Sijui! Miaka kumi na miwili sijawahi kufika inapojazwa. Inanifikia asubuhi ikiwa baridi kama kisima.

Mwalimu kapita, kaangalia daftari, kasema hilo si swali alilotoa. Nikasema najua.

Jumapili, 9 Machi

Nimefua. Nimefagia. Nimepanga kabati ambalo lilikuwa limepangika. Mume wangu kaniuliza kama nimegombana na mtu. Nikamwambia naumwa kichwa.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi mitungi imeletwa na mtu wa kifungo. Karatasi: 150. Geji: 134, 134, 135, 133.

Nimerudia mara tatu. Nimebadilisha geji. 134.

Mlinzi, bila haya: "Naye kajifunza haraka!" Meneja kasema huu wizi ni mtandao. Sasa hata yule dereva wa muda anatazamwa kwa jicho la pembeni, na kosa lake ni kushika usukani siku mbili tu.

Saa tisa nimeomba ruhusa, nikaenda kiwandani na kipimajoto cha stoo na plasta. Mjazaji ni mnene, mcheshi, ana glavu mpaka viwikoni. Kanikaribisha vizuri. Nikamwuliza anajuaje mtungi umejaa. Kasema: sindano ikifika mia na hamsini nafunga valvu, naandika, naita mwingine. Nikanyoosha mkono niguse mtungi.

"We dada! Utaungua!"

Nimebandika kipimajoto kwa plasta kwenye mitungi mitatu, mmoja mmoja, nikisubiri kitulie. 56. 58. 57.

Nikamwuliza, siku zote ni ya moto hivi? Kasema zamani hapana, zamani pampu ilikuwa ya polepole, mtungi ulijaa huku ukipoa. Hii mpya inasukuma kwa haraka, na gesi ikibanwa haraka inapata moto. Mpya tangu lini? Akahesabu kwa vidole vya glavu. Miaka saba hivi.

Miaka saba. Kaka alifukuzwa miaka sita iliyopita.

Nimerudi kwa miguu. Ni mbali, lakini sikutaka kukaa karibu na mtu.

Jumatano, 12 Machi

Nimemweleza Mwalimu Kelvini yote, kabla wenzangu hawajafika. Isipokuwa la kaka. Nilidhani atanisifu. Kasikiliza huku anavunja chaki vipande.

Kasema hesabu nzuri, lakini hesabu si ushahidi. Mtu anaweza kuniambia mtungi ulipoa NA ukaibiwa. Mimi nimepima P na T, nikakisia n haijaguswa. Nani kaipima n?

"n inapimwaje, Mwalimu?"

"Kwa mizani, Mama Stoo. Chembe zina uzito."

Basi tukapiga hesabu pamoja. Ujazo wa mtungi lita 47, umepigwa muhuri begani. n = 151 × 47 ÷ (0.0831 × 330); hiyo 0.0831 ndiyo R. Inakuja moli 259. Kila moli ya oksijeni ni gramu 32. Kilo nane na gramu mia tatu za gesi ndani ya kila mtungi — sikuwahi kufikiri kwamba nabeba hewa yenye uzito wa mtoto wa miezi minane!

Halafu upande wa wizi. Kama baa kumi na sita zimetolewa kweli, ni moli 31. Karibu kilo nzima. Kilo haijifichi kwenye mizani.

Nimejaribu hesabu ya asubuhi mwenyewe, chini ya dawati. 135 × 47 ÷ (0.0831 × 295). Ni 259 tena. Nikaikata, nikairudia. 259.

Mwalimu kaniuliza kwa nini nimefunga daftari mapema. Nikasema njaa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeazima mizani ya dobi, ile ya kupimia mafurushi ya mashuka. Inasoma mpaka gramu mia. Dobi kauliza naenda kupima nini, nikamwambia hewa. Kanitazama kwa huruma.

Kiwandani, jioni. Mtungi namba saba, begani nimeandika kwa chaki. Geji 150. Joto 57. Uzito na chuma chake: kilo 63.4. Mjazaji ametia sahihi, dereva wa muda ametia sahihi, mimi nimetia sahihi. Nimefunika valvu kwa plasta ya hospitali na kuandika juu yake. Mizani imepanda kwenye lori pamoja na mtungi, ili pasiwe na maneno ya mizani hii na mizani ile.

Ningeweza kunyamaza. Nimelifikiria hilo, nisijidanganye. Ripoti ni yangu, ufunguo mkuu ni wangu, na hakuna mwingine pale anayejua 273 ni nini. Taratibu akienda, mambo yanaisha. Na la miaka sita linabaki lilivyo.

Naogopa kesho itasema nini. Naogopa yote mawili.

Ijumaa, 14 Machi

Saa moja asubuhi. Plasta haijaguswa. Joto 22. Geji: 134.

Mizani: 63.4.

Nilikaa juu ya ndoo. Dereva wa muda akauliza, ni vizuri au vibaya? Nikasema ni vizuri. Akasema mbona uso wako si wa vizuri?

Kikao saa nne. Meneja, mkuu wa utumishi, Taratibu na shati lake la Jumapili, na mimi na kalamu. Nikaomba kwanza niseme. Meneja: wewe si ndiye uliyeandika ripoti? Ndiye. Sasa unataka kuongeza nini? Sitaki kuongeza, nataka kuipinga.



Nikawaeleza. Nimesema moto, baridi, sindano, mizani. Fomula nimeiacha. Meneja kaniangalia. Kasema: kwa hiyo mtungi umepungua bila kupungua? Nikasema presha imepungua, gesi haijapungua. Mkuu wa utumishi, ambaye sikumtegemea, kasema hata mpira wa mwanawe huwa hivyo asubuhi. Basi. Mpira ukafanya kazi ambayo kurasa zangu za hesabu zisingeweza.

Taratibu anarudi kazini Jumatatu. Kuanzia sasa kiwanda kiandike joto pamoja na presha, na mimi nipime kwa jedwali. Jedwali nitalichora mimi.

Nje, kwenye ngazi, kanishika mkono kwa mikono yote miwili. Sikustahili, nikamwambia hivyo. Kasema yameisha, dada. Kisha kwa upole wake ule ule wa kuendeshea lori:

"Na yule aliyefukuzwa zamani, kabla yangu? Nasikia naye zilikosekana kumi na tano."

Hajui yule ni nani kwangu. Ni mgeni, ana miaka mitatu tu hapa. Nikasema nitaangalia.

Jumamosi, 15 Machi

Sikwenda darasani. Nimeingia masjala ya zamani, ufunguo ninao.

Daftari za mapokezi za mwaka ule. Mwandiko wangu kila ukurasa. Miezi ya baridi zinakosekana kumi na nane. Miezi ya joto kumi na tatu. Zinapanda na kushuka na hali ya hewa, mwaka mzima. Mwizi gani anaiba kwa kufuata hali ya hewa? Yote yalikuwa mbele ya macho yangu, nimeyapigia mistari kwa rula.

Kisha kitabu cha vikao. Kikao cha nidhamu cha kaka yangu. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu siku ile pia. Nanukuu, nisije nikajisahaulisha:

"Dereva anajitetea kwamba mitungi ilikuwa ya moto alipoipakia, hata ameungua kiganja. Ameonyesha kiganja. Haihusiani."

Haihusiani. Si meneja aliyesema. Hakuna aliyesema. Niliongeza mimi, kwa sababu ilionekana inahitaji kufungwa.

Nimelia. Nimelia masjala, peke yangu, mpaka kamasi. Kisha nikakichukua kitabu. Hairuhusiwi kukitoa. Nimekitoa.

Jumapili, 16 Machi

Niko kwa kaka. Naandika nikiwa nimekaa kwenye benchi la wateja, nisipoandika nitaondoka.

Wifi ndiye aliyenielekeza. Nilipompigia simu akasema Jumapili yuko kazini kama siku nyingine, tangu alipoacha lori hana Jumapili. Kibanda cha matairi, kando ya kituo cha mafuta. Pampu moja, beseni la maji, matairi yamepangwa mpaka kwenye bati. Kaka amenenepa kidogo. Nywele zimekuwa nyeupe kwa pembeni, kama za baba.

Ameniona. Aliinua kichwa nilipokaa, akakiinamisha.  

Kuna mteja, dereva wa lori la mchanga, ametoka mbali. Anasema tairi limejaa kupita kiasi, geji imepanda, apunguziwe upepo haraka aendelee na safari. Kaka amegusa tairi kwa kiganja, akatikisa kichwa. Kamwambia asubiri lipoe. Tairi la moto halipimwi. Ukilipunguza sasa, asubuhi utalikuta limelala. Mteja anabisha, upepo ni upepo bwana, geji si hiyo inaonekana?

Kaka, bila kugeuka upande wangu:

"Nilishamwambia mtu hivyo zamani. Hakunisikia."

Nilisikia, kaka. Nilisikia vizuri sana. Niliandika kabisa.

Mteja ameguna, ameenda kununua maji. Tumebaki wawili. Kitabu kiko mapajani, nimeshika ukurasa kwa kidole. Jasho limelowesha jalada.

Anafuta mikono kwa kitambaa. Kidole kwa kidole, polepole. Anakuja huku.

Niseme shikamoo kwanza, au nimpe tu kitabu asome?